Kompyuta Iliyosimamishwa kwa Ubavu

Wengi wenu mna kompyuta sasa, au mtaipata, ikiwa si nyumbani, basi katika ofisi ya shule, ya kijiji au ya ushirika. Nasi twataka kuwaeleza jambo moja dogo juu ya chombo hicho, nalo ni namna ya kulisimamisha kwa ubavu kasha lililotengenezwa lilale. Huenda mtu akacheka na kusema, "Je, hilo nalo ni la kuandikwa?" Sisi nasi tulikuwa wa kucheka hivyo hivyo. Lakini jambo hilo dogo lilituletea aibu kubwa mwaka 2022, tena aibu ile haikutupata peke yetu, bali ilimwangukia mtoto asiye na kosa. Kwa hiyo twaandika, ili ajaye nyuma yetu asijikwae katika jiwe lile lile.

Shule yetu iko katika milima ya Usambara, mahali penye udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi hugeuka vumbi jembamba, likaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kompyuta yetu ilikuja mwaka 2019, nayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha tumika mjini, ikapandishwa kwa basi kutoka Mombo, imeviringishwa katika godoro kuukuu. Ilikuwa ya namna ile ya kulala: kasha pana, fupi kwa kimo, mfano wa kitabu kikubwa kilichowekwa mezani, na kioo chake kimekaa juu. Tuliipima kwa rula ya ubaoni: upana sentimita 34, kwenda nyuma sentimita 38, na kimo sentimita 10 tu. Twaomba mvikumbuke vipimo hivi, maana ndivyo vilivyotuhukumu baadaye.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini makasha mengine hulala na mengine husimama. Kompyuta ya IBM iliyotokea Marekani mwaka 1981, ambayo nyingine nyingi zilifuata mfano wake, ilitengenezwa kulala mezani, na kioo kizito cha siku zile kiliwekwa juu yake. Lakini meza zilijaa, watu wakaanza kutafuta nafasi. Mwaka 1984 kampuni ile ile ilipotoa kompyuta yake iliyoitwa AT, iliuza pia kitako cha pekee cha kuisimamisha sakafuni. Na mwaka 1987 ilitoa nyingine zilizoundwa tangu mwanzo zisimame, zenye miguu yake. Basi tazameni: watengenezaji wenyewe walipotaka kulisimamisha kasha, hawakuligeuza tu, waliliwekea kitu cha kusimamia. Hilo sisi hatukulijua, wala hatukuuliza.

Mwezi wa Juni mwaka ule ulikuwa mwezi wa mitihani. Ofisi yetu ina meza moja, nayo hutumiwa na walimu watatu. Siku ile madaftari ya watoto yalikuwa yamejaa juu yake, mengine yameanguka chini, na Mwalimu Mkuu akasema, "Mwalimu, meza hii haitutoshi. Je, hakuna namna ya kuisogeza kompyuta yako?" Tukajibu kwamba namna ipo. Tulikuwa tumeona mjini kompyuta zilizosimama kama minara, tukadhani kila kasha laweza kusimama vivyo hivyo.

Wakati ule ule kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, maana tulikuwa tukiandika alama za darasa la saba. Hatukuizima. Tulikishusha kioo, tukaliinua kasha kwa mikono miwili, tukaligeuza, tukalisimamisha sakafuni kati ya ukuta na kabati. Ubavu wenye matundu tuliuegemeza ukutani, ili upande uliokuwa laini uonekane na watu. Waya wa umeme ulikuwa mfupi, ukavutika kama kamba ya kuanikia nguo mpaka kwenye soketi karibu na mlango. Tena, kwa kuogopa vumbi, tulitwaa kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya redio, tukalifunika kasha. Meza ikawa nyeupe, Mwalimu Mkuu akashukuru, nasi tukajiona werevu.

Siku zilizofuata kompyuta ilijizima yenyewe mara tatu, na kila mara ilikuwa saa za mchana. Tulisema, "Ni umeme wa huku." Kumbe umeme wa siku zile ulikuwa mzima kabisa.

Ijumaa jioni mtoto mmoja wa darasa la sita alikuja kufagia ofisi, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Kompyuta tulikuwa tumeiacha ikiwaka, nasi tuko uwanjani. Mara tukasikia kishindo. Tulipoingia tulilikuta kasha limelala kifudifudi, waya umechomoka, na mtoto amesimama ameshika ufagio, macho yamemtoka. Tulipoiwasha tena kompyuta, ilitoa sauti ya tik, tik, tik, kama saa mbovu, wala haikufunguka. Na ndani yake mlikuwa na alama za watoto wote wa shule kwa miaka miwili na nusu.

Hapa ndipo twaona haya kuandika, lakini tutaandika. Mwalimu Mkuu alikuja akauliza, "Imekuwaje?" Nasi tukajibu, "Mtoto alikuwa anafagia." Neno lile lilikuwa kweli. Hatukuongeza neno, wala hatukupunguza. Lakini tulijua litakwenda wapi, tukaliacha liende. Mtoto alisema, "Mwalimu, mimi niligusa waya tu kwa ufagio." Hakuna aliyemsikiliza. Aliambiwa akae nyumbani mpaka baba yake aje kuzungumza juu ya malipo. Baba yake ni mkulima wa kabichi. Siku ya Jumatatu alikuja ofisini akiwa na kofia mkononi, akasema hana fedha, ila ana mbuzi wawili, na mmoja atampeleka mnadani. Sisi tulikuwapo, nasi tukatazama dirishani.

Siku ya Jumanne tulipeleka kasha kwa fundi mjini. Ni kijana mdogo kwetu kwa umri, lakini hukaa na kazi yake kwa utaratibu kama mzee. Alilifungua, akatazama, kisha akauliza, "Shikamoo mwalimu, tena samahani, nani aliyeisimamisha hii?" Tulimwuliza amejuaje kwamba ilisimamishwa. Akatuonyesha vumbi jekundu: halikuwa limetandaa juu ya ubao wa ndani, bali lilikuwa limeshuka na kujikusanya ubavuni, pale palipokuwa chini. Akatuonyesha na matundu yaliyokuwa yameegemea ukuta, yamezibwa na chokaa na nyuzi za kitambaa.

Ndipo alipotueleza kazi ya vitu vile, nasi twawaeleza ninyi kama tulivyoelezwa. Prosesa, yaani kile kidude kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hupata moto sana kikifanya kazi. Feni huvuta hewa baridi kwa matundu ya upande mmoja na kuitoa yenye joto kwa upande mwingine. Ukiziba matundu, hewa ile ile ya moto huzunguka ndani, na prosesa, ili isiungue, kwanza hupunguza mwendo, kisha huizima kompyuta. Ndiyo sababu ilijizima mchana, wakati wa joto. Ilikuwa ikituomba hewa, nasi tukalaumu umeme.

Kisha akafungua diski kuu, mahali panapotunzwa maandishi, akatuonyesha sahani yake inayong'aa kama kioo. Sahani ile, katika diski za namna hiyo, huzunguka mara 5,400 au mara 7,200 kwa kila dakika moja. Juu yake hupita kichwa kidogo cha kusoma, wala hakiigusi, bali huelea juu yake kwa nafasi iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Kasha likiinuliwa au likipigwa wakati sahani inazunguka, kichwa chaweza kuigusa na kuikwaruza, na maandishi yaliyo pale hayarudi. Katika sahani yetu ulikuwapo mkwaruzo kama mstari uliochorwa kwa bikari. Tukamwuliza, "Je, diski haipendi kusimama kwa ubavu?" Akajibu kwamba diski hizi zaweza kulala au kusimama bila dhara, mradi zikae wima sawasawa au zilale sawasawa, zishikwe na skrubu zote, wala zisitikisike. Kosa si kusimama. Kosa ni kugeuzwa inapofanya kazi, na kuanguka.

Mwisho alilifunga kasha tupu, akalisimamisha mezani kama tulivyokuwa tumelisimamisha sisi, akalisukuma juu kwa kidole kimoja. Likaanguka katika kiganja chake. Akasema, "Mwalimu, chombo hiki kilikwisha anguka siku mliyokisimamisha. Kilikuwa kinangoja ufagio tu."

Neno lile tulipanda nalo milimani katika basi, nalo halikutupa raha. Tukatwaa karatasi, tukapiga hesabu ambayo twaifundisha wenyewe darasani. Kasha lina kimo cha sentimita 34 likisimama, na kitako cha sentimita 10. Tuseme uzito wake uko katikati: basi uko sentimita 17 juu ya sakafu, na sentimita 5 tu kutoka ukingoni. Kichwa cha kasha kikisogea upande kwa sentimita 10 hivi, uzito umekwisha pita ukingo, wala kasha halirudi tena. Lakini ukiliwekea miguu yenye upana wa sentimita 20, kichwa hakina budi kusogea karibu sentimita 17 kabla halijaanguka. Miguu miwili ya mbao ingalitosha. Mbuzi wa mtu alikuwa anauzwa kwa sababu ya vipande viwili vya mbao tusivyovipigilia.

Tuliposhuka garini hatukwenda nyumbani. Tulikwenda kwanza kwa Mwalimu Mkuu, tukamweleza yote, na habari ya kitambaa pia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Twende pamoja." Tukafika kwa yule mzee wakati wa magharibi. Tukasema mbele ya mkewe na watoto wake kwamba kosa ni letu, si la mtoto, na kwamba tuliacha neno la kweli lifanye kazi ya uongo. Mzee hakukasirika, wala hakutusifu. Alisema tu, "Basi mbuzi arudi zizini." Na yule mtoto, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, akauliza, "Mwalimu, kesho nije shule?" Swali lile lilituuma kuliko karipio lo lote.

Gharama ya diski mpya tulilipa kwa mshahara wetu. Lakini alama hazinunuliwi. Tuliwaomba wazazi watafute madaftari ya zamani ya watoto wao, nao wakayaleta katika vikapu, mengine yamenyeshewa, mengine yameliwa na mchwa. Usiku baada ya usiku tulinakili alama moja moja. Watoto 11 hatukupata madaftari yao ya mwaka 2020. Mengi yalikwisha chanwa na kufungiwa karanga. Nafasi zao katika kitabu cha alama ziko tupu mpaka leo, nasi kila tukikifungua twaziona.

Sasa, wasomaji, msidhani twawakataza kusimamisha kasha. Nafasi ni kitu cha thamani, na kasha lililosimama vizuri halidhuriki. Lakini fuateni utaratibu huu.

Kwanza, chunguza kama chombo chako kilifanyiwa kusimama. Kitabu cha mtengenezaji, kikiwapo, hueleza, na hutaja pia ubavu upi uwe chini. Kama hakipo, tazama nembo iliyo usoni pa kasha: katika makasha mengine nembo hiyo huzungushika kwa kidole, ipate kusomeka kasha likilala na likisimama. Hiyo ni dalili kwamba mtengenezaji aliyawaza yote mawili.

Pili, nakili maandishi yako kwanza katika flashi, na yale yasiyopotezeka uyaandike katika karatasi. Kisha toa sidii ikiwa imo ndani, izime kompyuta kwa njia yake ya desturi, ngoja mpaka feni na diski zinyamaze kabisa, ndipo uchomoe waya wa umeme na nyaya nyingine zote. Ikiwa diski yako ni ya zile mpya zisizo na sahani inayozunguka, hatari yake ni ndogo zaidi, lakini zima tu. Mazoea mema hayana hasara.

Tatu, chagua ubavu wa kuweka chini. Usiweke chini ubavu wenye matundu. Kama bavu zote mbili hazina matundu, weka chini ule ulio karibu na kisanduku cha umeme, maana ni kizito, na uzito ulio chini hulituliza kasha. Kisanduku hicho kisifunguliwe na mtu asiye fundi, kwa sababu umeme waweza kubaki ndani yake hata baada ya waya kuchomolewa.

Nne, liwekee miguu. Vitako vya kununuliwa vipo, lakini hata seremala wa kijiji aweza kukata mbao mbili, kila moja yenye urefu wa sentimita 20 au zaidi, na kuzichonga mfereji wa kushika kasha barabara. Bandika vipande vya mpira wa ndala chini yake, lisiteleze. Miguu isizibe tundu lo lote, wala usipigilie msumari katika kasha.

Tano, acha hewa. Pande zote zenye matundu, na nyuma penye feni, acha nafasi ya sentimita 10 bila kitu. Ule upande uliokuwa juu kasha lilipolala sasa umekuwa ubavu. Mara nyingi ndio wenye matundu, basi uelekee wazi, usielekee ukuta. Usilifunike kwa kitambaa likifanya kazi. Mama zetu na dada zetu wanaofuma vitambaa vizuri watusamehe: vifunike usiku, baada ya kompyuta kuzimwa na kupoa.

Sita, usiliweke sakafuni penyewe, penye vumbi, maji ya kudekia na mchwa. Liinue juu ya ubao au kigoda kipana kisichoyumba. Na kioo kisiwekwe kamwe juu ya kasha lililosimama.

Saba, nyaya zipite kando ya ukuta, tena zilegee kidogo. Waya uliovutika ni mtego, na atakayenaswa ni mtoto au mzee.

Tena kuna habari ya sidii. Kasha likisimama, kisahani cha sidii husimama nacho. Katika vingi vimo vijino vidogo pembeni vya kuishika. Hakikisha ukingo wa sidii umeingia nyuma yake. Zile sidii ndogo za sentimita 8 usizitie hapo kasha likisimama, kwa kuwa vijino haviwezi kuzishika.

Ukiisha, rudisha nyaya, washa, uketi karibu kwa muda wa nusu saa. Sikiliza kama feni yakwaruza, papasa hewa itokayo nyuma kama yatoka vema, ligusegusa kasha juu uone kama layumba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawe uiname utazame chini na nyuma, kwa maana makosa yetu yote yalikuwa mahali tusipotazama.

Kasha letu lasimama hata leo, juu ya kigoda, katika miguu ya mti wa mkuyati. Anayelipangusa vumbi kila Ijumaa, baada ya kulizima kwanza, alikuwa yule mtoto mwenyewe mpaka alipomaliza darasa la saba mwaka 2023. Siku ya kwanza aliogopa kulikaribia. Tulisimama naye, tukamwambia, "Lisukume kwa kidole." Akatutazama, kisha akalisukuma. Halikuanguka. Akalisukuma mara ya pili, kwa nguvu zaidi kidogo, akacheka, nasi tukacheka naye.